Umejuaje?



Mwezi Mei mwaka 2008, katika iliyokuwa wilaya ya Kisii ya Kati, umati ulipita nyumba hadi nyumba ukitafuta watu kwa majina. Ilisemekana majina hayo yalitoka kwenye daftari lililookotwa katika shule moja ya msingi. Watu walidai kwamba ndani yake mlikuwa na kumbukumbu za mkutano wa wachawi: waliohudhuria ni akina nani, na zamu ya kulogwa inamfikia nani. Wazee walishikwa, wakapigwa, wakachomwa moto, na nyumba zao zikateketezwa. Habari za kwanza zilitaja watu 15. Hesabu iliyokuja kukubaliwa baadaye ni 11, wanawake wanane na wanaume watatu.

Sasa lichukue daftari lile ulipeleke katika chumba kingine kabisa, chenye meza ndefu, chupa za maji, projekta, na watahini walioketi na nakala za tasnifu zilizojaa alama za kalamu nyekundu. Mwanafunzi wa uzamili anasimama na kusema, ushahidi wangu ni daftari hili. Mtahini wa kwanza atauliza liliandikwa na nani. Wa pili atauliza mwandiko umelinganishwa na wa nani. Wa tatu atataka kujua limepitia mikononi mwa watu wangapi tangu liokotwe, na kama yupo aliyeliona kabla ya siku ile. Haitapita dakika tano kabla daftari kuwekwa kando na mwanafunzi kuambiwa arudi akatafute ushahidi. Maswali hayo yote, ukiyakamua, ni swali moja tu: umejuaje?

Watu 11 walikufa kwa sababu siku ile hakuna aliyeuliza swali hilo, au aliyeuliza hakusikizwa.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi hudhani ni la wasomi peke yao, nalo ni kuandika na kutetea tasnifu ya uzamili katika kriminolojia, elimu inayochunguza uhalifu, wanaoutenda, wanaotendewa, na namna jamii inavyoukabili. Nazungumza hasa na kijana wa Gusii, yaani Kisii na Nyamira, wa kike au wa kiume, aliyemaliza masomo ya darasani na sasa tasnifu imemkwamisha. Wako wengi. Wamelipa karo, wamefaulu mitihani, na kila Krismasi shangazi anauliza lini watavaa joho.

Tumweke kijana huyo Ikonge, kaunti ya Nyamira. Nimepachagua kwa makusudi. Ukishika barabara upande mmoja unatokea Chabera, kaunti ya Homa Bay. Upande wa pili unatokea Chebilat, mpakani mwa Nyamira na Bomet, ambako wizi wa mifugo umewagonganisha Abagusii na Wakipsigis zaidi ya mara moja. Katikati kuna chai, migomba, soko, makanisa, wanabodaboda wakingoja abiria, ofisi ya chifu, na mashamba yaliyogawanywa baina ya ndugu hadi mpaka wa nusu mita unakuwa kesi. Mtu anayetaka kuelewa uhalifu wa mashambani Kenya hana haja ya kwenda mbali. Tena nasema mashambani kwa kusisitiza, kwa maana wanafunzi wetu wengi hukimbilia mitaa ya mabanda ya Nairobi, wakidhani uhalifu wa kusomewa unakaa huko tu.

Kosa la kwanza hutokea kwenye mada. Mwanafunzi anaandika, Athari za Ukosefu wa Usalama kwa Maendeleo ya Kaunti ya Nyamira. Mada kama hiyo ni kubwa kama kaunti yenyewe na haina mlango wa kuingilia. Usalama upi? Maendeleo ya nani? Tangu lini? Msimamizi mwema ataikata vipande hadi kibaki kimoja kinachoweza kuchunguzwa na mtu mmoja, kwa mwaka mmoja, kwa fedha zake mwenyewe. Kwa mfano: uvumi kwamba fulani ni mchawi husafiri vipi kutoka mdomo wa kwanza hadi mkono wa kwanza unaoshika kiberiti? Nani huusikia na kuunyamazia? Ni nani angeweza kuuzima, na kwa nini hakuuzima? Maswali hayo yana mlango. Unaweza kwenda kumtafuta mtu anayejua jibu.

Halafu kuna kusoma waliotangulia. Mwanafunzi asidanganyike kwamba Gusii haijaandikwa. Philip Mayer, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, alichunguza huku miaka ya 1940, na mwaka 1954 akatoa mhadhara unaosomwa hadi leo juu ya wachawi katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Hoja yake ilikuwa kwamba mchawi huonwa kuwa adui wa ndani: jirani, jamaa, mke wa ndugu. Anayeshukiwa ni yule anayeujua mlango wako. Ukisoma hivyo, unaelewa kwa nini mauaji haya hufanywa na watu waliokua wakila pamoja na yule wanayemuua.

Kisha akaja Mmarekani Robert LeVine, aliyeishi Gusii katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1959 alichapisha makala kuhusu makosa ya kujamiiana miongoni mwa Abagusii. Kwa kutumia kumbukumbu za mahakama, alikadiria kwamba kiwango cha ubakaji hapa kilizidi kile cha Marekani wakati huo mara tatu. Makala hiyo imezunguka dunia. Kuna wanafunzi katika nchi za mbali ambao kitu cha kwanza walichowahi kusoma kuhusu Abagusii ni hesabu ile. Mimi simtuhumu LeVine kwa uongo, alifanya kazi kwa bidii na akaonyesha alikotoa takwimu zake. Lakini kumbukumbu za mahakama huhesabu kesi zilizofika mahakamani, na kesi hufika mahakamani kwa sababu nyingi: mahakama iko umbali gani, karani anaandika nini, wazee wamekubali kusuluhisha au wamekataa, utawala wa wakati huo umeamua kukaza kamba wapi. Kulinganisha nchi mbili zenye mahakama zisizofanana kunataka uangalifu mkubwa. Mtoto wa Gusii ana haki ya kurudi kwenye kumbukumbu zile na kumuuliza profesa wa Marekani swali lile lile: umejuaje? Hiyo peke yake ni tasnifu nzima, na ningefurahi sana kuisoma.

Na wapo waliouliza. Justus Ogembo, mwana wa Gusii, alifanya tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Harvard juu ya wimbi la kuwasaka wachawi lililoikumba Gusii kati ya 1992 na 1994, akaja kutoa kitabu mwaka 2006. Hakuridhika kusema kwamba Abagusii huamini uchawi. Imani hiyo ilikuwapo miaka yote, basi kwa nini moto uwake 1992 na si 1982? Akayafungamanisha mauaji na misukosuko ya uchumi na siasa ya wakati ule, wakati Kenya ilipokuwa ikiingia uchaguzi wa vyama vingi. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane, ila swali lake ni la kriminolojia hasa: kitu kilichokuwapo siku zote hakiwezi peke yake kueleza kitu kilichotokea siku moja.

Jirani yetu Uganda alimtoa Tibamanya mwene Mushanga, ambaye mwaka 1974 alichapisha utafiti wake wa mauaji katika wilaya za Ankole, Kigezi na Toro, magharibi mwa Uganda, sehemu anakotoka. Hapa Kenya, Erasto Muga aliandika juu ya uhalifu nchini mwaka 1975, na miaka miwili baadaye akatoa kitabu kuhusu uhalifu katika mji mmoja tu, Kisumu. Hawa walithibitisha kwamba mtu anaweza kuuchunguza uhalifu wa kwao bila aibu na bila kuwatukana watu wake. Inasikitisha kwamba vitabu hivyo ni vigumu kupatikana, na mwanafunzi wa leo humnukuu Mwingereza aliyeandika juu ya London kabla ya kumjua Muga aliyeandika juu ya Kisumu, mwendo wa saa chache kutoka Ikonge.

Nitasimama kidogo kwenye jambo moja ambalo naliona ndilo moyo wa kazi hii, nalo ni kulinganisha. Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu kilichodai kwamba mhalifu wa kuzaliwa hutambulika kwa umbo lake: taya, masikio, paji la uso. Alikuwa amepima mafuvu na nyuso za wafungwa. Wasomi wengi walimshangilia. Ndipo Charles Goring, daktari wa magereza ya Uingereza, akawapima wafungwa wapatao 3,000 na kuwalinganisha na watu wasiokuwa wafungwa, wakiwemo wanafunzi wa vyuo vikuu na askari. Mwaka 1913 akatangaza matokeo: huyo mhalifu wa kuzaliwa mwenye sura yake maalumu hakuonekana. Kilichomponza Lombroso ni kwamba alitazama gerezani zaidi, akakiona alichokuwa akikitafuta.

Usione hayo ni ya Ulaya ya zamani. Huko Usukumani, Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia kuni na samadi. Aliyemnyooshea bibi kidole aliona macho, akaona msiba kijijini, akaviunganisha. Hakuhesabu vikongwe wote wenye macho mekundu katika vijiji visivyo na msiba, wala misiba katika nyumba zisizo na kikongwe. Lombroso alikuwa na shahada ya udaktari na akafanya kosa lile lile.

Sasa nalirudisha kosa hilo Gusii. Mara nyingi tunaambiwa kwamba wazee huku huuawa kwa ajili ya ardhi: kijana anataka shamba, anamwita bibi yake mchawi. Huenda ni kweli katika kesi nyingi. Sensa ya 2019 ilikuta watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba kaunti ya Kisii, na zaidi ya 670 Nyamira. Ni msongamano wa kutisha kwa watu wanaotegemea jembe. Lakini itazame Vihiga. Sensa ile ile ilikuta huko watu zaidi ya 1,000 kwa kilomita ya mraba, na Vihiga haijajulikana kwa kuchoma wazee kama Kisii ilivyojulikana. Kisha itazame Kilifi, kwenye watu zaidi kidogo ya 100 kwa kilomita ya mraba, ambako wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi mwaka baada ya mwaka, na huko nako ardhi hutajwa. Basi uhaba wa ardhi peke yake hautoshi kutupa jibu. Labda tatizo ni namna ardhi inavyorithishwa, na nani anashikilia hati. Labda ni vijana wasio na kazi, au kutoaminika kwa polisi na mahakama. Mwanafunzi akifika mbele ya jopo na jibu la ardhi bila kuitazama Vihiga na Kilifi, atakuwa ametutendea alivyotenda Lombroso.

Turudi kwenye kazi yenyewe. Pendekezo likipita idarani, kuna kibali cha kamati ya maadili, kuna kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, kuna barua kwa kamishna wa kaunti na kwa mkurugenzi wa elimu, kisha unashuka hadi kwa chifu. Vijana hulalamika kwamba ni kuzungushwa. Mimi nadhani katika mada hii kila barua ina maana yake, kwa sababu unaingia katika nyumba za watu walioumia na za watu walioumiza, na mara nyingine ni nyumba moja.

Hapo ndipo ugumu wa kuwa mtoto wa nyumbani hujitokeza. Mgeni kutoka ng'ambo akiuliza, wanamwona mgeni. Wewe ukiuliza, wanauliza wewe ni wa ukoo gani, mama yako alizaliwa wapi, na babu yako alisimama upande upi katika kesi ya shamba la mwaka fulani. Majibu yatapangwa kulingana na hayo. Usijaribu kujificha. Andika katika sura ya tatu, ya mbinu za utafiti, kwamba wewe ni wa pale, una jamaa pale, na eleza ulivyojilinda usichunguze kwa upendeleo. Mtahini anayesoma kurasa kama hizo anakuamini zaidi, kwa sababu umemwonyesha mahali ambapo ungeweza kukosea.

Ugumu mwingine ni mzito kuliko huo. Tuseme kijana mmoja, katika mahojiano ya faragha, anakwambia kwamba alikuwepo na kwamba yeye ndiye aliyeleta petroli. Utafanya nini? Wakili ana kinga ya kisheria juu ya anachoambiwa na mteja wake. Mtafiti wa uzamili hana. Kwa hiyo kabla hujawasha kinasa sauti, mweleze mtu huyo kwa Ekegusii kinachoeleweka, usimsomee fomu haraka haraka, kwamba huwezi kumwahidi siri isiyo na mwisho, na kwamba asikutajie majina wala alichokifanya yeye mwenyewe. Uliza alichokiona jamii ikifanya. Uliza uvumi aliusikia wapi na saa ngapi. Utapata mengi, na hutamtia mtu kitanzi, wala hutajikuta umebeba damu kwenye simu yako.

Na omong'ina, bibi kizee, aliyenusurika? Wapo waliookolewa, wakahamishwa, sasa wanaishi kwa binti zao mbali na mashamba yao. Mwanafunzi mwenye haraka atataka kumhoji kwa sababu maneno yake yatapamba sura ya nne, ya matokeo. Kwanza ajiulize kama mahojiano hayo yatamrudishia bibi huyo usiku ule bila kumpa chochote. Kuna maswali ambayo majibu yake yapo kwenye jalada la mahakama, kwenye OB, daftari la matukio la kituo cha polisi, au kwa majirani. Aanzie huko. Bibi aachwe hadi yeye mwenyewe atakapotaka kusema.

Sasa niseme juu ya hesabu, nami natumaini walimu wa vyuo wananisikia. Fungua tasnifu nyingi za Kenya, utakuta sampuli ya watu 384. Namba hiyo inatoka kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, linalotumiwa idadi ya watu inapokuwa kubwa sana. Pembeni utakuta Mugenda na Mugenda, kitabu cha mbinu za utafiti ambacho hakuna mwanafunzi wa uzamili nchini asiyekijua. Kisha hojaji: nakubali kabisa, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Kipimo cha Cronbach cha uthabiti wa maswali kinafika 0.7, kila mtu anafurahi. Hakuna ubaya katika vyombo hivyo vikitumiwa mahali pake. Ubaya ni kumpelekea mkulima wa Ikonge sentensi isemayo kwamba uchawi huchangia mauaji ya wazee, akatia alama kwenye nakubali kabisa, halafu wewe ukaandika kwamba utafiti umethibitisha uchawi huchangia mauaji kwa asilimia kadhaa. Umethibitisha nini? Umethibitisha kwamba watu 384 wamesikia wanayoyasikia watu wote. Daftari la 2008 nalo lilikuwa na majina mengi. Wingi wa vinywa vinavyosema jambo hauligeuzi kuwa ushahidi, na kama kuna mtu mmoja nchini anayepaswa kulijua hilo kuliko wote, ni mwanafunzi wa kriminolojia.

Ningependelea kesi nne zilizochimbwa hadi mzizi kuliko hojaji mia nne. Oktoba 2021, katika eneo la Marani, kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa siku moja baada ya madai kwamba mwanafunzi mmoja amelogwa. Mtu akiifuatilia siku hiyo moja saa kwa saa, nani alimwambia nani, nani alipiga simu, nani aliyepigiwa hakuja, chifu alijua saa ngapi, polisi walifika saa ngapi, na kwa nini nyumba ya tano haikuguswa, atakuwa ameipa Kenya kitu ambacho hojaji haiwezi kutoa. Afuatilie pia sheria. Sheria yetu ya uchawi ni ya mwaka 1925, na pamoja na ukongwe wake inamkataza mtu kumshutumu mwenzake kuwa mchawi isipokuwa mbele ya wenye mamlaka. Ni watu wangapi wameshtakiwa kwa kutamka tu shutuma, kabla petroli haijanunuliwa? Majalada ya mahakama za Kisii na Nyamira yapo. Kukaa nayo ni kazi ya miezi kadhaa, na ni kazi ya heshima.

Kuna pia historia ya vijana wa ulinzi. Sungusungu ilianza Tanzania miaka ya 1980, kwa Wasukuma na Wanyamwezi, wanakijiji wakijilinda dhidi ya wezi wa ng'ombe. Jina likavuka mpaka, na huku Kisii likaja kuhusishwa na kuwaadhibu na hata kuwaua washukiwa bila kesi. Mwaka 2010 serikali iliiweka Sungusungu, pamoja na Chinkororo, kikundi kingine cha Gusii, katika orodha ya vikundi 33 vilivyopigwa marufuku kwa sheria ya kuzuia uhalifu wa magenge. Vilibadilika vipi kutoka ulinzi hadi hukumu ya kifo? Naamini mlango ulikuwa ule ule: kikao ambacho mtu aliyetajwa hana nafasi ya kuuliza waliomtaja wamejuaje.

Neno moja juu ya kuandikiwa. Kila mtu anajua kwamba biashara ya kuandikia wengine kazi za chuo imestawi nchini, na kuna wanaonunua tasnifu nzima. Katika fani nyingine yoyote ni aibu. Katika fani hii ni hatari, maana aliyenunua tasnifu juu ya mauaji ya wazee kesho ataajiriwa kuwashauri polisi, magereza au kaunti kuhusu mauaji hayo. Atawaambia nini?

Siku ya kutetea ikifika, mwanafunzi hupewa dakika kama ishirini. Wengi huzimaliza wakisoma slaidi za historia ya dunia na kufika kwenye matokeo yao pumzi zimekwisha. Anza na ulichokipata. Watahini wameshasoma utangulizi. Wanachotaka ni kukuona ukisimama juu ya miguu yako. Watakuuliza kwa nini Ikonge na si Manga au Borabu. Watakuuliza nadharia yako ingesema nini kama matokeo yangekuwa kinyume. Watachukua sentensi moja ya ukurasa wa 87 wakuulize nani alikwambia hivyo, watu wangapi, na kama kulikuwa na aliyesema tofauti. Mkono utatetemeka. Na itafika saa utakapoulizwa kitu ambacho data yako haikifikii.

Hapo sema: sijui, data yangu haifiki hapo, na ingehitajika hivi na hivi ili kujua. Nimeona nyuso za watahini zikilegea kwa jibu hilo. Hawakuwa wakitafuta mtu anayejua kila kitu. Walitaka mtu anayejua mpaka wa anachokijua, kwa sababu ndiye atakayeaminiwa atakaposema najua. Chumba kile ni moja ya mahali pachache katika maisha yetu ya umma ambapo kusema sijui kunakuongezea heshima. Kanisani ni vigumu kusema hivyo, barazani ni vigumu, kwenye kampeni ndiyo usiseme kabisa, na mbele ya umati wenye mawe mkononi kunaweza kukugharimu maisha.

Mara nyingi matokeo ni kupita na masahihisho. Usikasirike. Fanya masahihisho wiki hiyo hiyo kabla moyo haujapoa, maana wako waliopita wakakosa kuhitimu kwa sababu ya masahihisho ya kurasa sita.

Halafu tasnifu hufungwa kwa jalada gumu na kuwekwa maktabani, nakala nyingine kwenye hazina ya chuo mtandaoni. Wengi hudhani kazi imeisha hapo. Wale watu wa Ikonge waliotoa saa zao, waliopika chai, waliokuambia mambo ambayo hawajawahi kuyasema, hawatawahi kufungua hazina ya mtandaoni. Andika kurasa nne kwa Ekegusii na kwa Kiswahili. Mpelekee chifu, mpelekee mwalimu mkuu, mchungaji, wazee wa Nyumba Kumi. Omba nusu saa katika baraza. Sema: niliwahoji watu kadhaa, nimepata hili, sikupata lile, na hili bado silijui. Watakuuliza maswali magumu kuliko ya maprofesa. Mbona hukuja kwetu? Nani alikwambia hivyo? Unajuaje kwamba hakukudanganya? Wajibu moja baada ya jingine, kwa utulivu, mbele ya vijana walioketi nyuma na pikipiki zao. Wacha waone mtu mzima akiulizwa amejuaje bila kukasirika, na akitoa ushahidi wake hadharani.

Na wewe msikilizaji, kama katika lokesheni yako kulipita mwanafunzi na hojaji, akaondoka na majibu yenu, na hamjasikia chochote tena, muulizeni chifu. Barua ya utambulisho ya mwanafunzi huyo iko kwenye faili la chifu, na chini yake kuna jina la chuo na namba ya simu. Mpigieni, mwambieni aje awaeleze alichokipata.